Thelathini na Wanane wa Mwita

Jumatatu, 12 Juni 2023

Naanza shajara. Watafiti wa baadaye watahitaji chanzo cha kuaminika kuhusu kambi hii, na chanzo chenyewe ni mimi: Mwalimu Isidori Akonaay, miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Tlawi, mwalimu wa Historia kwa miaka ishirini na mitano.

Kambi ni ya mtandaoni. Wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wako makwao, Tlawi na Endagikot hapa Mbulu, hadi Basotu kule Hanang, na kila asubuhi wanabonyeza kiungo kwenye simu za wazazi. Wiki mbili za likizo. Tunawafundisha namna ya kusoma: kuuliza maswali, kuandika muhtasari, kupima vyanzo. Yote kupitia historia ya karibuni, tangu biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa tena, hadi mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa. Historia niliyoiishi mimi! Wengine walikuwa hawajaota meno.

Wengine maana yake Mwita. Mwalimu Mwita, miaka ishirini na tisa, mtu wa Tarime, ana miaka miwili tu hapa shuleni. Amepewa kundi la pili.

Watoto walichagua kundi wenyewe. Kundi langu niliita "Mageuzi ya Uchumi na Utawala: Hoja Sitini na Nne". Lake aliita "Nguo ya Kwanza ya Mtumba Nyumbani Kwetu". Nilicheka mpaka machozi.

Saa nne matokeo yakatoka. Mwita thelathini na wanane. Mimi saba. Na kati ya hao saba, wawili wameshaniandikia kuuliza wanatokaje.

Jumanne, 13 Juni

Watafiti wajue kinachogombaniwa. Mwalimu Patriki amestaafu, na kiti cha mwalimu wa taaluma kiko wazi. Ofisi yenye mlango. Kabati lenye ufunguo. Mhuri! Mkuu wetu wa shule, Mama Bernadina, alisema tangu mwezi wa tano kwamba atakayeendesha kambi vizuri ndiye atakayekikalia, na atamtangaza siku ya kufunga, Jumamosi ya tarehe 24, wazazi wakisikia. Kiti hicho nimekisubiri miaka kumi na moja. Mke wangu Marieta nimeshamwagiza afume kitambaa cha kuwekea kwenye mgongo wake.

Leo nilifundisha hoja ya kwanza hadi ya tisa. Nilisoma polepole, waandike. Mwanafunzi mmoja nilimwona paji la uso tu kwa saa nzima. Nadhani alilala.

Kisha pigo. Binti yangu Brightness, kidato cha tatu. Nilidhani yumo katika saba wangu, ila jina limecheleweshwa na mtandao. Nimemkuta sebuleni na simu ya mama yake, anacheka. Anacheka na nani? Na Mwita! Nikamuuliza kwa upole (Marieta anasema nilifoka) kwa nini hakuchagua kundi la baba yake mzazi. Akajibu kwa adabu kwamba mimi ananisikia kila siku wakati wa chakula, na hoja sitini na nne anazijua tangu darasa la tano.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo wanavyosema. Mgeni amekuja, na mwenyeji kichwa kinamgonga tangu asubuhi. Si wivu. Niandike wazi: si wivu. Ni uchungu wa kitaaluma.

Jumatano, 14 Juni

Nimepata akili! Darasa la Mwita linaanza saa tano, langu limeshaisha. Nitaingia humo kama mwanafunzi, nitamuuliza swali la kumtoa jasho, na watoto watamkimbia.

Nilihitaji jina. Nikajisajili: Genoveva, kidato cha tatu, Basotu. Basotu ni mbali, hakuna wa kuuliza. Namba ya mzazi nikaweka laini yangu ya pili, ambayo hakuna anayeijua. Kishikwambi, hiki tulichogawiwa baada ya sensa, ni cha kufundishia. Genoveva akatumia simu yangu. Na kwa kuwa Brightness alikuwa sebuleni, Genoveva akasomea zizini, karibu na ng'ombe, ambako pia ndiko mtandao unakoshika vizuri. Maiki nilizima. Nikaandika kwamba ya kwangu mbovu.

Nikarusha mkuki wangu: mwalimu, naomba tarehe, mwezi na mwaka mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, pamoja na sababu nne.

Mwita akasoma swali kwa sauti. Akasema hajui.

Hajui! Mbele ya watoto thelathini na wanane! Tisa, pamoja na mimi. Miaka ishirini na mitano sijawahi kutamka neno hilo darasani. Nikangoja wacheke. Hawakucheka. Akawaambia mwaka anaujua, ni 2002, lakini tarehe na sababu hana uhakika, basi kila mmoja atafute chanzo kimoja nyumbani ndani ya dakika kumi. Watoto wakatawanyika kama kuku waliofukuzwa kwenye mtama. Mmoja akarudi na cheti cha kuzaliwa cha dada yake kilichoandikwa Arusha, na cha mdogo wake kilichoandikwa Manyara, na wote wamezaliwa nyumba moja. Vifijo! Wakaanza kubishana kipi ni chanzo imara zaidi, karatasi au bibi.

Mwishoni Mwita akasema swali bora la siku limetoka kwa Genoveva wa Basotu. Wakanipigia makofi.

Nimerudi ndani nimenuna. Lakini yale makofi yalikuwa ya kweli.

Ijumaa, 16 Juni

Saba wangu sasa ni watano.

Mwita ametoa zoezi. Chagua kitu kimoja nyumbani kilichokuja baada ya biashara kufunguliwa. Kieleze mpaka mtu akione. Sema nani alikileta, lini, kutoka wapi, na unajuaje. Zoezi la chekechea. Lakini asiyeleta anaondolewa darasani, na Genoveva akiondolewa, upelelezi wangu umekwisha.

Nikasema niandike haraka, dakika ishirini. Nikaandika saa mbili na nusu.

Niliandika kuhusu koti la bluu. Tunalo hapa nyumbani, limening'inia nyuma ya mlango wa jikoni, Brightness hulivaa asubuhi akienda kukamua. Koti la sufu, zito, vifungo vya shaba, na ndani ya ukosi kuna jina la mwenyewe wa kwanza limeshonwa kwa uzi mwekundu: Ingrid. Mwanamke wa Ulaya huko. Nikaandika kwamba mwaka 1987, kwenye mnada wa Basotu (ulikuwa wa Tlawi, lakini Genoveva ni wa Basotu), mafungu ya mitumba yalikuwa mageni bado na watu waliyazunguka kama wanaotazama ajali. Baba yangu (yaani baba yake Genoveva, yaani mimi) alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Alimwona mama yake anatetemeka kwa baridi. Bila kusema neno, akamtoa mbuzi wake mwenyewe, mbuzi pekee, akamnunulia mama koti.

Nilipomaliza macho yalikuwa yananiuma. Moshi wa jikoni.

Jioni Mwita akatuma majibu. Alama tisini na moja. Akaandika kwamba amesoma mara tatu, kwamba Genoveva ana jicho la mwanahistoria, na akaiweka kazi hiyo kwenye kundi la simu watoto wote waisome. Jicho la mwanahistoria! Mama Bernadina, kwa ripoti zangu za robo karne, hajawahi kuniandikia zaidi ya "Imeonekana".

Nimesoma ujumbe ule mara tano. Namchukia sana huyu kijana.

Jumapili, 18 Juni

Kanisani. Baada ya misa wazazi walijipanga kumsalimia Mwita. Wanawake wazima wanamshukuru kwamba watoto sasa wanawauliza wazee maswali badala ya kuchezea simu. Mimi nilisimama hatua nne kutoka hapo, nimevaa tai. Mmoja alinigeukia, akaniomba nimpishe apite.

Hapo nikasikia neno. Jumatano Mwita atamleta Mzee Bura kuzungumza na darasa lake. Mzee Bura! Miaka themanini na mbili, aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, alihudhuria mikutano yote wakati mkoa unagawanywa. Na ni baba yangu mkubwa! Kaka wa baba yangu, tumbo moja! Mtu wa Tarime ananichukulia mzee wangu kama anachukua kuni.

Mchana huu huu nikaenda kwake na sukari kilo mbili na majani ya chai. Nikatoa shikamoo yangu, akaitikia marahaba, akauliza nani amefariki, maana siku za kawaida hanioni. Nikamweleza kwamba darasa langu linamhitaji Jumanne, siku moja kabla. Akasema sawa, atakuja kote kuwili, maneno hayaishi. Nikamwomba kwa Mwita apumzike, umri huo. Akaniangalia, kisha akaiangalia sukari.

Jumanne, 20 Juni

Aibu. Niandike tu.

Nilimwalika Mama Bernadina aingie darasani ashuhudie. Nilipanga kurekodi kila kitu, rekodi safi, isiyo na kikohozi wala jogoo, ije iwe ushahidi siku ya kutangaza. Kwa hiyo nikabonyeza kile kitufe cha kuzima maiki za wanafunzi wote, nikafunga, wasiweze kuziwasha wenyewe. Nidhamu. Mzee Bura nikamkalisha sebuleni kwangu mbele ya kishikwambi, kofia kichwani, fimbo mkononi.

Mzee wa Kiiraqw haanzi mkutano hivi hivi. Anaanza na slufay, dua ya baraka. Yeye anatamka kipande, watu wote wanaitikia kwa pamoja, anatamka kingine, wanaitikia, hadi mvua, mifugo na watoto wote wameombewa. Nimekulia humo. Hata mtoto wa miaka minne anaitikia.

Mzee akaanza. Kipande cha kwanza. Kimya.

Akasubiri. Kwenye kioo niliona midomo mitano inafunguka na kufungika, watoto wanaitikia kwa nguvu zote, na sauti haitoki hata moja. Akarudia. Kimya. Mimi nilikuwa pembeni yake, na mimi sikuitikia. Niliweka kidole mdomoni. Rekodi!

Akaacha. Akauliza kama nimemleta aombee watu au makaburi. Nikavamia kitufe, nikakosea, nikajitoa darasani mwenyewe. Nilipofanikiwa kurudi, Mzee Bura ameshasimama. Alisema baraka isiyoitikiwa haimwagwi chini ikaachwa, anaondoka nayo. Akatoka. Sukari akasema haidai wala hairudishi.

Mama Bernadina aliandika ujumbe mmoja: "Imeonekana."

Jumatano, 21 Juni

Alikwenda kwa Mwita. Bila shaka alikwenda kwa Mwita.

Nilihudhuria zizini, kama Genoveva, nikitumaini yatamkuta yaliyonikuta. Hayakumkuta. Mwita alieleza kwamba jana jioni alimtembelea mzee kumuuliza hupenda kuanzaje. Alimuuliza kabla! Nani anamuuliza mzee kabla? Kisha akawaambia watoto wote wafungue maiki, hata walio na kelele.

Mzee akaanza. Watoto wakaitikia. Si kwa pamoja, mtandao haukuruhusu. Tlawi wakaitikia, halafu Endagikot, halafu Basotu wakafika nyuma kabisa, pamoja na mbwa, mtoto mchanga na mtu anayepasua kuni. Fujo tupu! Mzee akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Alisema miaka yote hajawahi kuitikiwa na wilaya mbili kwa mara moja. Akaendelea nusu saa. Kisha historia: kwamba walilala mkoa wa Arusha wakaamka mkoa wa Manyara, na jembe likiwa pale pale lilipoachwa. Watoto walimuuliza maswali saa nzima, na kila mmoja alianza na shikamoo.

Sauti iliyoitikia kwa nguvu kuliko zote ilikuwa ya Brightness. Niliisikia kupitia dirisha, na sekunde mbili baadaye nikaisikia tena kwenye simu. Sijui kwa nini iliniuma kiasi kile. Nilitaka na mimi kuitikia. Nikafungua maiki, kidogo tu.

Ng'ombe akalia. Ng'ombe wetu ana sauti iliyopasuka kama tarumbeta la zamani, hakuna wa pili Mbulu nzima. Mwita akasema tunamsikia ng'ombe wa akina Genoveva. Nikazima haraka. Pale dirishani nikaona pazia linasogea.

Alhamisi, 22 Juni

Balaa. Mwita ametangaza watakaosoma kazi zao Jumamosi mbele ya Mama Bernadina na wazazi. Wawili: Brightness wa Tlawi na Genoveva wa Basotu. Kwa sauti. Kwa sura.

Nikaandika upesi kwamba simu ya Genoveva imetumbukia Ziwa Basotu.

Mwita akajibu pole sana, akauliza huu ujumbe basi unaandikwa kwa simu ipi. Nikaandika kwa simu ya jirani. Akasema vizuri, ana mwalimu rafiki yake kule kule Basotu, atakwenda na pikipiki hadi nyumbani kwao Genoveva na simu nzuri, aelekezwe tu. Watoto wakachangamka, watatu wa Basotu wakajitolea kumsindikiza. Nikalalamika kwamba (i) nyumba iko mbali, (ii) njia ni mbaya. Wakauliza karibu na nini. Nikaandika ziwa. Basotu yote iko karibu na ziwa!

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini sikuchimba mimi. Angekuwa Mwita ana darasa baya, haya yote yasingetokea.

Ijumaa, 23 Juni

Brightness ameniuliza asubuhi, huku anajifunga lile koti akakamue, kama namfahamu mtu yeyote Basotu mwenye koti linalofanana. Lenye jina lile lile. Kwenye ukosi ule ule. Kwa uzi mwekundu.

Nikasema mitumba ilikuja mingi, wanawake wa Ulaya wengi wanaitwa Ingrid. Akasema ndiyo baba. Akaandika kwenye daftari.

Aliporudi na kulitundika nikalichukua koti, nikalificha kwenye gunia la mahindi. Saa nne alilitafuta. Hakulipata. Akaandika tena kwenye daftari! Kisha akamuaga mama yake kwamba anakwenda kwa Mzee Bura kulinganisha vyanzo. Nikamwambia hakuna haja, mzee kachoka. Akasema amefundishwa kwamba chanzo kimoja ni uvumi.

Huyu mtoto nimemlea mimi, nikamfundisha kusoma mimi, kwenye magoti haya. Kikulacho ki nguoni mwako. Amerudi saa nane, amenitengea chai. Kesho atasimama mbele ya Mama Bernadina na kila mzazi wa Tlawi, na kama atasema anachokijua, si kiti tu kitakwenda. Sitaweza kuingia darasani tena. Nimetaka kumwomba. Nimeishia kumwomba sukari.

Jumamosi, 24 Juni

Watafiti wasome taratibu.

Watu tisini na sita kwenye kioo. Mimi sebuleni na kishikwambi, tai shingoni, maiki wazi kwa kuwa walimu tuliagizwa kukaribisha wageni. Brightness yuko jikoni na simu ya mama yake. Marieta yuko naye.

Mama Bernadina akamwita Genoveva. Nilishaandaa ujumbe kwamba ana homa, nikautuma. Mama Bernadina akasikitika, akasema mtoto mwenye kipaji hiki hawezi kuachwa hivi hivi, ngoja ampigie mzazi wake ampe pole. Namba anayo kwenye fomu.

Laini yangu ya pili. Simu mfukoni mwangu. Kwaya ikaanza kuimba kifuani kwangu, ubeti mzima, mbele ya watu tisini na sita.

Mwita akatazama pembeni. Mama Bernadina akauliza ni simu ya nani hiyo inayoita.

Ndipo Brightness akasema, bila hata kuruhusiwa, kwamba anaomba aanze yeye sasa hivi maana mtandao wa Tlawi unakatika. Na akaanza. Mama Bernadina akakata simu ile amsikilize. Kwaya ikanyamaza.

Kichwa cha kazi yake: "Koti Moja, Vyanzo Viwili". Alisema chanzo cha kwanza ni maandishi ya Genoveva, ambayo kila mtu ameyasoma: kijana, mbuzi, mama anayetetemeka. Chanzo cha pili ni mzee aliyekuwepo mnadani siku hiyo. Huyo anasema mnada ulikuwa wa Tlawi, na hapakuwa na mbuzi. Kijana aliliona koti, akalitaka, akakaa chini vumbini akalia, miaka kumi na mitano, mwenye ndevu tatu. Mama yake akatoa debe la maharage aliyokuja kuuza, akalipata koti. Kijana akalivaa hapo hapo. Lilikuwa la kike, vifungo upande wa kike. Shuleni walimwita Mama Ingrid hadi alipomaliza.

Watu walicheka. Marieta alicheka, nilimsikia kupitia ukuta.

Kisha akapima vyanzo, hivi hivi tunavyofundisha. Akasema Genoveva anaeleza vitu vizuri, unaliona koti, unausikia mnada, na mtu hawezi kuandika hivyo kama hakuwepo au hakumpenda aliyekuwepo. Udhaifu wake ni kwamba mwandishi alitaka kusifiwa. Mzee naye ana udhaifu, wiki hii alikuwa amemkasirikia ndugu yake mmoja. Lakini kwa jambo moja vyanzo vyote viwili vinakubaliana. Mama alikuwa anasikia baridi. Na kwa maelezo ya mzee, mvua iliwanyeshea njia nzima kurudi, na mama alitembea na kanga peke yake, kijana akiwa ndani ya koti. Akasema labda ndiyo maana Genoveva aliandika habari ya mbuzi. Labda ndivyo yule kijana angependa iwe.

Nilizima kamera.

Mama yangu alifariki mwaka 1994. Habari ya ile mvua sijamwambia mtu. Nilikuwa nimeisahau. Hapana. Sijawahi kuisahau.

Mama Bernadina aliuliza Genoveva huyu ana undugu gani na koti la Tlawi, na je, mwandishi huyo anajulikana. Nikashika meza. Brightness akasema anajulikana, ila chanzo kimeomba jina lisitajwe, na mwalimu amewafundisha kuheshimu hilo. Mwita akasema kweli, ndivyo alivyofundisha.

Kiti amepewa Mwita. Alishangiliwa dakika mbili. Sikuweza hata kumchukia vizuri.

Jioni alikuja nyumbani kwa miguu, akanisalimia shikamoo kama kawaida yake. Alileta vyeti. Kimoja cha Brightness. Kingine cha Genoveva, akasema kwa kuwa mimi nina watu Basotu, nimfikishie. Uso wake haukucheka hata kidogo. Akaniomba nimshauri huyo binti aache kuweka namba za kirumi kila anapotaka kulalamika, maana humtambulisha. Kisha akasema mwezi wa kumi na mbili kuna kambi nyingine na angependa tufundishe kundi moja, mimi na yeye. Nikamkaribisha chai. Akanywa vikombe viwili.

Baada ya yeye kuondoka Brightness alikaa karibu nami. Akasema baba, ungekuja tu darasani. Ungeingia kwa jina lako. Ningefurahi.

Nikamshika kichwa, kama zamani.

Jumatatu, 26 Juni

Nimeamka mtu mpya. Nimetafakari Jumapili nzima. Nimekwenda kwa Mzee Bura, nimeomba radhi, akaanza slufay upya na nikaitikia kila kipande. Wivu ni ugonjwa. Nakiri: ulikuwa wivu. Umekwisha.

Leo matokeo ya kambi yamebandikwa kwenye kundi. Nimeyatazama kwa moyo mweupe kabisa.

Wa kwanza: Brightness, tisini na mbili.

Wa pili: Genoveva, tisini na moja.

Alama moja! Kwa kazi gani? Ya Brightness imesimama juu ya mgongo wa kazi ya Genoveva! Bila koti la Genoveva angelinganisha nini na nini? Nani aliyetoa mnada, vifungo, uzi mwekundu? Na Mwita mwenyewe alisoma mara tatu! Ya Brightness sina ushahidi kwamba aliisoma hata mara mbili. Hapa pana upendeleo. Mtoto wa mwalimu mwenzake, bila shaka anambeba. Watoto wa wakulima wa Basotu nani atawasemea?

Nimetoa karatasi. Genoveva anaye baba mzazi, jina lake Nikolausi, mtu wa msimamo.

Brightness amepita sasa hivi nyuma yangu. Ameliona lile gunia limevimba, amelitoa koti, amelikung'uta mahindi. Akasema asubuhi hii ni ya baridi, akaniwekea mabegani, akaenda kukamua bila koti.

Linabana kwenye tumbo. Lakini lina joto, siwezi kukataa. Naendelea.

"Kwa Mwalimu wa Taaluma. Yah: Kuonewa kwa binti yangu Genoveva kwa alama moja. Ndugu, nina malalamiko sitini na manne: (i)"